Kuchunguza Mfuko wa Nyongo Baada ya Upasuaji: Kutoka Chupa ya Fomalini Hadi Ripoti

Mfuko wa nyongo ni kati ya vipande vinavyoingia maabara ya patholojia kila wiki, na kwa kuwa umezoeleka, ndio unaofanywa harakaharaka kuliko vyote. Fomu imeandikwa "mawe ya nyongo", kila mtu anajua jibu litakuwa nini, na kipande kinakatwa kwa dakika mbili. Mara nyingi hakuna hasara. Hasara hutokea siku ile ambayo ndani ya mfuko huohuo wa kawaida kuna saratani changa, bapa, isiyo na uvimbe wowote wa kushikika. Ziko hospitali zinazopeleka maabara mifuko yenye dalili za kutia shaka tu. Mimi naona ipelekwe yote, kwa sababu displasia, yaani seli zilizoanza kugeuka kuelekea saratani, haionekani kwa macho.

Mwongozo huu ni wa daktari anayejifunza patholojia na fundi wa maabara anayemsaidia mezani. Utaona nimekaa zaidi kwenye ukataji na kwenye swali moja gumu la hadubini, maana huko ndiko makosa yanakotokea.

1. Fomu kwanza, kisu baadaye

Linganisha jina na namba ya mgonjwa kwenye fomu na kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.

Kisha soma maelezo ya daktari mpasuaji. Unatafuta mambo matatu: ultrasaundi ilionyesha nini (mawe, polipu, ukuta mnene), je, upasuaji ulikuwa wa dharura, na je, mfuko ulipasuka wakati wa kutolewa. Hili la mwisho watu wengi hawaliandiki. Tangu Erich Mühe alipoutoa mfuko wa nyongo kwa njia ya matundu madogo huko Ujerumani mwaka 1985, kazi nyingi hufanywa hivyo, na mfuko hubanwa na kuvutwa kupitia tundu finyu. Unaweza kuchanika na nyongo ikamwagika tumboni. Kama baadaye utakuta saratani, taarifa ya kumwagika huko ina uzito mkubwa. Fomu ikiwa kimya, piga simu chumba cha upasuaji.

2. Fomalini isichelewe

Tumia fomalini (kemikali ya kuhifadhi tishu) ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi yake, ujazo wake uwe mara 10 hadi 20 ya kipande. Nyongo ina tabia ya kuula utando wa ndani mara tu damu inapokatika. Mfuko uliofungwa ukitumbukizwa mzima kwenye fomalini, nje utahifadhika vizuri huku ndani nyongo ikiendelea na kazi yake, kwa sababu fomalini hupenya polepole, takriban milimita moja kwa saa. Matokeo yake ni slaidi ambayo utando wote umemomonyoka, na wewe unabaki kuandika "utando hautathminiki" kwa mgonjwa ambaye hana mfuko mwingine wa kukuletea.

Kwa hiyo, kama maabara iko karibu na chumba cha upasuaji, upokee ukiwa mbichi, ufungue mapema, uusuuze, kisha uuache kwenye fomalini usiku mmoja. Kama unatoka mbali, kubaliana na wapasuaji waupasue mkato mmoja upande wa serosa (ule laini usiogusa ini) kabla ya kuutumbukiza, bila kugusa shingo wala mrija.

Fomaldehaidi, kemikali iliyomo kwenye fomalini, imetambuliwa kimataifa kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Fanya kazi penye kivuta hewa, na glavu zisikutoke mkononi.

3. Tazama kabla hujafungua

Weka mfuko mezani uutambue: fandasi ni ile ncha pana, kisha mwili, kisha shingo inayoishia kwenye mrija wa sistiki. Upande mmoja ni laini na unang'aa. Hiyo ni serosa. Upande wa pili umekwaruzika, mara nyingi una weusi wa kuunguzwa kwa umeme. Huo ndio uliokuwa umelala kwenye ini, na hauna serosa. Tofauti ya pande hizi mbili itarudi tukifika kwenye hatua za saratani, kwa hiyo usiipoteze.

Pima urefu na upana. Mfuko wa kawaida huwa na sentimita 7 hadi 10 kwa urefu. Andika rangi ya serosa: inang'aa, imefifia, ina utando wa faibrini (protini ya kugandisha damu), ina usaha? Ukikuta tundu, liangalie kingo. Tundu la mkasi lina kingo safi na tishu ya pembeni ni nzima. Tundu la ugonjwa limezungukwa na tishu iliyokufa, ya kijani iliyokolea au nyeusi, na faibrini juu yake. Usiandike "umetoboka" bila kusema ni tundu la namna gani.

Sasa papasa mafuta ya shingoni. Mara nyingi kuna tezi ndogo ya limfu hapo, kubwa kama punje ya maharage au chini yake. Itoe uiweke pembeni.

Halafu mrija. Hapa ndipo mkono wa haraka unapoharibu. Kata kwanza ukingo wa mrija, yaani pale mpasuaji alipoukata, kipande chembamba cha mviringo, *kabla* ya kuufungua mfuko. Ukianza kupasua na mkasi ukaingia hadi mwisho wa mrija, ukingo umekwenda na hutaupata tena. Kama kuna klipu ya chuma, ivue kwa kibano taratibu au kata mara baada yake upande wa mfuko. Klipu iliyofichwa ndani ya kipande ikifika kwenye maikrotomu (mashine ya kukata mikato myembamba) itaharibu kisu, na fundi atakuja kukuuliza.

Ukishuku uvimbe, au ukuta unaonekana mnene hata kabla ya kufungua, paka wino upande wa ini na usubiri ukauke. Kwa mfuko wa kawaida si lazima.

4. Fungua na usome ndani

Pasua kwa mkasi kuanzia fandasi hadi shingoni, ukipita upande wa serosa, mkabala na ini. Kwa njia hiyo kitanda cha ini kinabaki kizima.

Angalia kilichomo. Nyongo ya kijani au kahawia ni ya kawaida. Ute mweupe usio na rangi ya nyongo unaonyesha njia iliziba muda mrefu. Usaha ni usaha. Mawe yahesabiwe kama ni machache. Yakiwa mengi andika "mengi" na upime dogo na kubwa. Taja rangi na umbo. Ya njano yana kolesteroli kwa wingi. Ya kahawia laini huambatana na maambukizi ya njia za nyongo. Meusi, madogo, yenye kuvunjika kirahisi hutokana na rangi ya nyongo, na yakiwa kwa kijana yanapasa kumfanya daktari afikirie kuvunjika kwa seli nyekundu, kwa mfano selimundu. Andika hilo kwenye ripoti. Sentensi moja tu, lakini inaweza kuwa ndiyo ya maana kuliko zote.

Suuza kwa maji kidogo, au fomalini, bila kufungulia bomba kwa nguvu. Usikwangue kwa mgongo wa kisu wala usifute kwa karatasi. Epithelia ya hapa ni safu moja tu ya seli, ukiifuta imekwenda.

Sasa tandaza mfuko, leta taa pembeni ili mwanga upite kwa ubavu, na utazame polepole. Utando wa kawaida una vikunjo vidogo kama wavu. Vidoadoa vya njano juu ya utando mwekundu ni kolesterolosisi. Utando uliolainika na kupoteza vikunjo ni wa mchochota (mwitikio wa tishu iliyoumia au kuambukizwa) wa muda mrefu. Unachotafuta kwa bidii ni sehemu isiyofanana na jirani yake: iliyochakaa, yenye punjepunje, iliyoinuka kidogo, ngumu ukiibonyeza kwa kidole. Pitisha kidole utando wote. Vidole huona vitu ambavyo macho hayavioni.

Pima unene wa ukuta mahali pembamba na mahali panene. Zaidi ya milimita 3 ni unene usio wa kawaida. Unene wa mfuko mzima mara nyingi ni mchochota. Unene wa sehemu moja unahitaji vipande vya ziada. Pale fandasi mara nyingi kuna kinundu chenye vitundu vidogo ndani, kinachoitwa adenomayomatosisi. Hakina madhara kwa kawaida, lakini kwa macho peke yake hutaweza kukitofautisha na saratani.

5. Vipande gani viingie kaseti

Kwa mfuko usio na kasoro: ukingo wa mrija, kipande kimoja cha shingo, kimoja cha mwili, kimoja cha fandasi, na tezi ya limfu kama umeipata. Kaseti (vijisanduku vya kusindikia vipande) moja au mbili zinatosha. Kila kipande kikatwe wima kupita ukuta wote, kutoka utando hadi serosa, kisizidi unene wa milimita 3, na kifungwe kwenye parafini kwa ubavu. Kikilazwa kifudifudi utapata slaidi yenye utando tu au misuli tu, na hakuna swali hata moja litakalojibika.

Ukuta mnene, sehemu ya punjepunje au kinundu chochote: ongeza vipande, ukijumuisha mahali pa kina zaidi na mahali panapopakana na tishu nzima. Polipu iingie yote pamoja na shina lake.

Kisha ipo kanuni ya kurudi. Slaidi za kwanza zikionyesha displasia ya daraja la chini, rudi kwenye chupa uongeze vipande kadhaa. Zikionyesha displasia ya daraja la juu, ingiza mfuko wote uliobaki. Ni kazi nyingi, na mafundi watalalamika, lakini displasia ya daraja la juu mara nyingi ina saratani vamizi (iliyokwisha kupenya ukuta) jirani ambayo kipande chako cha kwanza kiliikosa. Ndiyo maana mabaki ya kipande hayatupwi kabla ripoti haijatoka na muda wa kuhifadhi uliowekwa na maabara haujaisha.

6. Kutoka kaseti hadi slaidi

Hapa hakuna jambo la pekee kwa mfuko wa nyongo: alkoholi kutoka hafifu hadi kali, zailini, parafini, mikato ya mikroni 3 hadi 5, rangi ya haematoksilini na eosini. Tofauti moja: ukuta ukiwa na chokaa, lainisha tishu kwa asidi kwanza, la sivyo mkato utachanika.

7. Chini ya lenzi: panda ngazi moja moja

Anza na lenzi ya 4 (inayokuza mara nne). Wanafunzi hukimbilia ya 40 na kupotea ndani ya seli. Kwenye lenzi ndogo unauliza swali moja tu: je, tabaka ziko mahali pake? Kutoka ndani kwenda nje utakutana na epithelia, lamina propria (tishu nyembamba chini yake), misuli, tishu unganishi nje ya misuli, kisha serosa (au, upande wa ini, mwisho wa tishu unganishi). Mfuko wa nyongo hauna ile misuli myembamba ya utando wala submukosa (tabaka la tishu kati ya utando na misuli) kama utumbo. Kwa hiyo saratani ikitoka kwenye utando inaingia misuli moja kwa moja, na ikitoka kwenye misuli imefika penye mishipa mingi ya damu na limfu. Safari ni fupi.

Panda hadi lenzi ya 10 usome mchochota. Wa muda mrefu una seli za kinga (limfosaiti na seli za plazma), kovu na misuli iliyonenepa, kiasi kinachotofautiana sana. Usishangae kuona mawe mengi na seli chache. Wa ghafla una uvimbemaji, damu iliyovuja, faibrini na, kwenye kali zaidi, ukuta uliokufa. Nyutrofili, seli za kinga za mchochota wa ghafla, zinaweza kuwa chache kuliko unavyotarajia, hasa siku za mwanzo, na hilo huwapotosha wengi.

Makrofaji (seli za kinga zinazomeza uchafu) zenye povu zikiwa ndani ya vikunjo vya lamina propria ni kolesterolosisi. Zikiwa zimejaa kwenye ukuta wote, pamoja na seli kubwa zenye viini vingi, nyongo iliyovuja na kovu, huo ni mchochota wa zanthogranuloma. Ugonjwa huu huufanya mfuko ushikamane na ini na utumbo, na mpasuaji huwa ameshaandika "saratani?" kwenye fomu. Usimfuate wala usimpuuze, maana mara nyingine zote mbili huwa pamoja. Chukua vipande vya kutosha.

Tazama pia kama kuna mayai au mabaki ya vimelea, kama vile minyoo ya askarisi au mayai ya kichocho. Hupatikana mara chache, lakini hayaonekani kwa asiyeyatafuta.

Lenzi ya 40 ni ya epithelia. Metaplasia (epithelia kugeuka na kufanana na ya kiungo kingine) ya aina ya tumbo, yenye vitezi vya ute chini ya utando, ni ya kawaida sana na itaje kwa ufupi. Ile ya aina ya utumbo, yenye seli za kikombe, ina uhusiano wa karibu zaidi na displasia. Ukiiona, kagua slaidi zote upya.

Kutenganisha displasia na seli zilizochokozwa na mchochota kunahitaji subira. Seli zilizochokozwa hubadilika polepole kutoka za kawaida hadi za ajabu, viini vyake vina weupe ndani na nukta ya katikati inayoonekana, na nyutrofili ziko palepale zikijieleza. Displasia huanza ghafla. Unasogeza slaidi, seli ni za kawaida, na ghafla viini vimekuwa virefu, vyeusi, vimepandana, kana kwamba kuna mstari umechorwa. Mstari huo ndio ushahidi wako mzuri kuliko ukubwa wa kiini chochote. Penye vidonda na nyutrofili nyingi, punguza ukali wa hukumu yako.

8. Swali gumu: sinasi, mrija wa Luschka au saratani?

Utakuta vitezi ndani ya misuli, au hata nje yake. Vinaweza kuwa vitu vitatu.

Sinasi za Rokitansky-Aschoff ni utando uliozama ukutani kwa sababu ya shinikizo la muda mrefu. Huelekea wima kutoka juu kwenda ndani, mara nyingi unaweza kuufuata mmoja hadi kwenye utando wa juu, epithelia yake inafanana na ya juu, na ndani kuna nyongo au vipande vya mawe. Mirija ya Luschka hukaa upande wa ini tu. Ni midogo, imekusanyika kwa mafungu, na kila mmoja umevishwa pete ya kovu. Mchochota ukiwa karibu viini vyake hukuzwa na kukutisha.

Saratani ya vitezi, iliyo ya kawaida zaidi hapa, hutenda kinyume. Vitezi vyake vimetawanyika vikiachana, vingi vimelala sambamba na utando badala ya kushuka wima, maumbo yake yana pembe, na ndani yake kuna takataka za seli badala ya nyongo. Kitezi kilicholala peke yake kandokando ya mshipa mnene wa damu, bila jirani yeyote, kinatosha kukufanya usimame.

Mtego wa kwanza: displasia inaweza kushuka ndani ya sinasi. Hapo utaona seli mbaya ndani kabisa ya misuli, na ni rahisi kuita uvamizi. Tafuta epithelia ya kawaida iliyobaki kwenye sinasi hiyohiyo. Ukiona seli nzuri na mbaya ndani ya tundu moja lenye umbo la sinasi, hiyo ni displasia iliyoenea, si uvamizi. Mtego wa pili: vitezi vya adenomayomatosisi vinaweza kuzunguka neva bila kuwa saratani. Kwa hiyo neva iliyozungukwa, peke yake, haitoshi kutoa hukumu; angalia seli zenyewe.

Ukibaki na shaka, agiza mikato ya ndani zaidi ya kipande hicho na umwonyeshe mwenzako kabla ya kusaini. Rangi za kinga, zinazoonyesha protini fulani ndani ya seli kama p53, husaidia wakati mwingine, lakini hazichukui nafasi ya umbo.

9. Saratani ikithibitika

Kwa toleo la 8 la mfumo wa TNM wa kupanga hatua za saratani (herufi T ni kina cha uvimbe), saratani iliyoishia lamina propria ni T1a. Iliyofika misuli ni T1b. Ikipita misuli na kuingia tishu unganishi upande wa serosa ni T2a, upande wa ini ni T2b. Sasa unaona kwa nini wino ulihitajika: bila kujua pande, huwezi kuzitenganisha hizi mbili, na T2b ina mwelekeo mbaya zaidi. Ikitoboa serosa, au kuingia ini, au kiungo kimoja jirani, ni T3. Ikivamia mshipa mkuu wa ini wa lango au ateri ya ini, au viungo viwili na zaidi vya nje ya ini, ni T4.

Usitegemee barua. Mpigie mpasuaji siku hiyohiyo. Kwa T1a yenye ukingo safi, kuondolewa mfuko mara nyingi hutosha. Kuanzia T1b na kuendelea, atahitaji kufikiria kumrudisha mgonjwa kwa upasuaji mpana wa ini na tezi za limfu, na kila wiki ina thamani. Mwambie pia hali ya ukingo wa mrija, maana seli mbaya pale hubadilisha mpango mzima.

10. Ripoti

Iwe fupi, na hitimisho liwe juu. Kwa mfuko wa kawaida, hivi inatosha:

*Mfuko wa nyongo, baada ya kuondolewa: mchochota wa muda mrefu pamoja na mawe ya kolesteroli. Kolesterolosisi. Metaplasia ya aina ya tumbo. Hakuna displasia wala saratani kwenye vipande vilivyochunguzwa. Ukingo wa mrija: safi. Tezi moja ya limfu: haina saratani.*

Maneno "kwenye vipande vilivyochunguzwa" si ya kujikinga. Yanamwambia msomaji kwamba ulikagua sehemu, si mfuko mzima. Kama uliuingiza wote, sema hivyo waziwazi. Ukikuta displasia, taja daraja lake, iko mahali gani, na kama imefika ukingo wa mrija. Ukikuta saratani, ongeza aina, ukubwa, kina, upande (serosa au ini), kuingia kwenye mishipa au neva, kingo zote, idadi ya tezi za limfu zilizochunguzwa na ngapi zina saratani, na kama mfuko ulifika ukiwa na tundu.